Thomas Stevens, mfumaji wa tepe za hariri

Leo nimeazimia kuwasimulia wasomaji habari za Mwingereza mmoja, Thomas Stevens, mfumaji wa tepe za hariri wa mji wa Coventry, aliyefariki mwaka 1888. Kwao jina lake li mashuhuri hata leo, maana vipande vya hariri alivyovifuma, ambavyo vingine havizidi upana wa kiganja, vimo katika majumba ya makumbusho, na wapenda vitu vya kale huvigombania mnadani. Kwetu pwani sijapata kumsikia mtu akimtaja. Nami namtaja kwa kuwa swali alilolikabili yeye ndilo linalotukabili sisi kila msimu wa harusi na kila ufikapo mfungo sita: ukitaka jina, tarehe au dua ikae juu ya utepe, itiwe kwa njia gani?

Najua wako watakaocheka. Watasema utepe ni nini hata uandikiwe gazetini? Ni kitu cha kufungia zawadi, cha kupambia gari la bwana harusi, cha kuwavisha watoto wa madrasa wanapopita katika zefe. Lakini lugha yetu yenyewe inashuhudia kwamba wazee hawakuudharau. Tunalo neno taraza, yaani ule ukingo mwembamba wa hariri uliokuwa ukifumwa pembezoni mwa kilemba au kikoi cha mwungwana. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, tiraz, na ndilo lililotuzalia kutarizi. Katika zama za makhalifa wa Bani Abbas, na za Mafatimiya wa Misri baada yao, tiraz ulikuwa mkanda wa maandishi juu ya nguo, wenye jina la khalifa, na mara nyingi pamoja na mwaka na mji ilikofumwa nguo hiyo. Dola ilikuwa na karakana maalumu za kazi hiyo. Jina la mtawala lilitajwa katika hotuba ya Ijumaa, likapigwa kwenye sarafu, likafumwa kwenye tiraz. Na anayetaka kuasi aliliondoa katika mahali pote patatu. Kwa hiyo maandishi juu ya ukanda mwembamba yaliwahi kuwa jambo la amani na vita.

Na hata mafundi wa wakati ule walikuwa na njia zaidi ya moja. Wako waliofuma herufi pamoja na nguo, wako waliozitarizi kwa sindano baada ya nguo kwisha, na huko Yemen wako waliozipaka kwa wino wa dhahabu juu ya pamba. Ndiyo maana nasema jambo hili si geni kwetu hata kidogo, ijapokuwa mtu ninayemsimulia alizaliwa mbali na alikuwa wa dini nyingine.

Stevens alizaliwa mwaka 1828 huko Foleshill, kaskazini kidogo ya Coventry, katika nyumba ya watu maskini. Kuzaliwa mahali hapo katika miaka ile ilikuwa kama kuzaliwa Lamu katika mtaa wa mafundi wa majahazi: kazi ya kufanya umeikuta, huichagui. Coventry yote iliishi kwa tepe. Wanawake wa Uingereza walivaa kofia zilizopambwa kwa tepe za hariri, na mitindo ilibadilika kila msimu, basi maelfu ya watu, wake kwa waume, walikaa kwenye vitanda vya kufumia majumbani mwao. Nyumba nyingi zilijengwa orofa ya juu yenye madirisha makubwa sana, ili mwanga umfikie mfumaji. Chini watu wanakula na kulala, juu wanafuma.

Kijana Stevens alipata kazi kwa wafumaji Pears na Franklin, na huko akajifunza kitanda kilichoitwa kwa jina la Mfaransa Joseph Marie Jacquard wa mji wa Lyon. Hapa sina budi kusita kidogo nieleze, kwa sababu asiyefahamu kitanda hiki hatafahamu kwa nini Stevens alifanya alivyofanya.

Katika kufuma kuna nyuzi za mtande, zilizotandwa kwa urefu, na kuna uzi wa mshindio, unaopitishwa kwa upana. Mfumaji akiinua baadhi ya nyuzi za mtande na kuziacha nyingine chini, kisha akapitisha mshindio katikati, hapo pamefanyika mstari mmoja wa nguo. Nyuzi zipi ziinuliwe na zipi zibaki, hapo ndipo lilipo pambo. Zamani alihitajika mtoto wa kuvuta kamba, akiinua nyuzi kwa zamu, na akikosea kamba moja ua limeharibika. Jacquard, mnamo mwaka 1804, alikamilisha mtambo ambao kazi ya mtoto huyo ilifanywa na kadi ngumu zilizotobolewa matundu. Kila mshindio mmoja una kadi yake. Sindano ikikuta tundu hupita, na kulabu yake huinua uzi. Ikikuta kadi kavu husukumwa nyuma, na uzi wake hubaki chini. Kadi hushonwa pamoja mkufu mrefu, zikapita moja baada ya moja, na picha ikajijenga mstari kwa mstari bila mfumaji kuihifadhi kichwani.

Uwezo wa kadi hizo ulikuwa wa kustaajabisha. Mwaka 1839, huko Lyon, ilifumwa sura ya Jacquard mwenyewe kwa hariri nyeusi na nyeupe, na kazi hiyo ilihitaji kadi zipatazo 24,000. Watu waliidhania kuwa picha iliyochongwa katika bamba la shaba ikapigwa chapa karatasini. Mwanahesabu wa Kiingereza Charles Babbage aliitafuta akaipata nakala yake, na katika mipango yake ya mashine ya kupiga hesabu alizitumia kadi za namna hiyo hiyo. Wanaotumia kompyuta siku hizi wana deni kwa wafuma maua, wajue wasijue.

Coventry vitanda vya Jacquard vilianza kuingia katika miaka ya 1820. Wafumaji wa huko hawakuwa watu wa kukubali kila kipya. Mwaka 1831 walikichoma moto kiwanda cha mtu aitwaye Beck kwa kuwa alileta vitanda vya kuendeshwa kwa mvuke, wakiogopa kwamba riziki yao itaingia katika mkono wa mmoja. Lakini hawakukosa ufundi. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, mji wote ulishirikiana kufuma utepe mmoja wa maua kuwaonyesha walimwengu kwamba Wafaransa si peke yao wanaojua kazi. Miaka mitatu baadaye, 1854, Stevens akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alifungua biashara yake mwenyewe.

Alikuwa na miaka sita tu ya neema.

Tangu zamani serikali ya Uingereza iliwalinda wafumaji wake wa hariri. Kwanza hariri iliyofumwa nje ilipigwa marufuku kabisa. Tangu 1826 iliruhusiwa, lakini kwa ushuru. Mnamo Januari 1860 Uingereza na Ufaransa zikatia sahihi mapatano ya biashara, yaliyosimamiwa na Richard Cobden upande huu na Michel Chevalier upande ule, na ushuru wa hariri ya Kifaransa ukafutwa. Tepe za Saint-Étienne na Lyon zikamiminika London, nzuri na rahisi. Mwaka huo huo wafumaji wa Coventry waligoma wakidai orodha ya malipo waliyoizoea ishikwe, na mgomo ukashindwa. Mitindo nayo haikuwaonea huruma: wanawake walianza kupunguza tepe kofiani. Mji wenye watu wapata 41,000, ambao sehemu yao kubwa walikula kwa jasho la tepe, ukajikuta hauna soko. Watu walipangana foleni kwa supu ya sadaka. Wengine waliuza vitanda vyao kwa bei ya kuni. Maelfu walihama, wakenda katika miji ya viwanda vya pamba au wakavuka bahari hadi Marekani, na watu wa mji wakapungua badala ya kuongezeka.

Nisomapo habari hizo siwezi kujizuia kukumbuka ya kwetu. Pate na Siyu palifumwa nguo, za hariri na za pamba, zilizosifiwa na wageni waliopita karne nyingi nyuma. Tangu miaka ya 1830 majahazi ya Salem yalileta shuka za Marekani, na ndiyo maana mpaka leo tunaziita merikani. Zilikuwa rahisi, zilikuwa imara, na mfumi wa kwetu hakuwa na la kufanya. Wa Banadiri walistahimili zaidi kuliko sisi. Tofauti yetu na Coventry ni kwamba wao walikuwa na mtu aliyekaa akajiuliza: kama hawataki tena tepe za kofia, kitanda hiki kinaweza kufanya nini kingine?

Stevens alikuwa na vitanda vya Jacquard visivyo na kazi na wafumaji wasio na mshahara. Jibu lake lilitoka mwaka 1862, nalo lilikuwa dogo kwa umbo: utepe wa kuwekea alama katika kitabu, wenye maneno na picha, na kishada cha nyuzi chini yake. Waingereza wa zama zile kila nyumba ilikuwa na Biblia yao na kitabu chao cha nyimbo za kanisani, na utepe huo ulifaa kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, ya harusi, ya mwaka mpya, au kumbukumbu ya maiti. Hapo ndipo alipotoka katika kuuza pambo la kofia linalopitwa na msimu, akaingia katika kuuza maneno yanayomhusu mnunuzi mwenyewe. Utepe wenye jina hauna mshindani kutoka Lyon kwa urahisi, maana Mfaransa hajui nani kaoa nani.

Sasa njia. Mtu aliyetaka maneno juu ya hariri mwaka 1862 alikuwa na milango kadhaa ya kugonga, na nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa ndiyo kiini cha habari hii.

Njia nyepesi ilikuwa kupiga chapa. Matbaa yoyote iliweza kuchukua utepe mweupe na kuubonyeza herufi za risasi zilizopakwa wino, kama inavyobonyezwa karatasi. Tena ilikwisha zoeleka: matangazo ya michezo ya kuigiza yalipigwa chapa juu ya hariri kwa ajili ya wakubwa. Gharama yake ni ndogo, na ukitaka tepe ishirini tu, ishirini utapata kabla ya jua kutua. Lakini wino wa matbaa ni wa mafuta. Juu ya karatasi hunyonywa ukatulia. Juu ya hariri hukaa kama rangi juu ya kioo, ukikunja unapasuka, ukisugua unatoka. Na uzi wa hariri una namna ya kuuvuta wino ukatambaa pembeni, basi herufi nyembamba inanenepa na tundu la herufi linazibika.

Njia ya pili ilikuwa ya watia rangi nguo, wa vibao vya mti na mabamba ya shaba yaliyochongwa. Hao hawatumii wino wa mafuta bali rangi iliyozidishwa uzito kwa gundi, kisha huitia mvuke ili rangi ishike ndani ya uzi, na baadaye huosha gundi ikatoka. Chapa ya namna hii hudumu. Ila kila rangi ina kibao chake, na kila kibao lazima kiangukie mahali pake hasa. Kwenye jora pana, kibao kikipotoka unywele mmoja hakuna aonaye. Kwenye utepe wa vidole vitatu, unywele huo ndio unaomtoa mtu jicho nje ya uso. Tena utepe hunyooka na kupinda unapovutwa, na kingo zake ni nene kuliko kati yake, hivyo kibao hakiketi sawasawa.

Ya tatu ilikuwa ya Kifaransa na nzuri mno: kupiga chapa juu ya nyuzi za mtande kabla ya kufuma, kisha kufuma mshindio juu yake. Maua ya namna hiyo hutokea na ukungu kidogo, kama yaonekanavyo nyuma ya pazia jepesi. Kwa maua, hakuna cha kushindana nayo. Kwa herufi, haifai abadani. Nani atakaye jina la mamake litokee na ukungu?

Stevens akachukua ya nne, ya kufuma maneno yenyewe, kila herufi kwa uzi wake. Tutazame hesabu yake. Mchoraji huchora picha, kisha huihamisha kwenye karatasi kubwa yenye miraba midogo, kila mraba ukiwa ni makutano ya mtande na mshindio mmoja. Kisha mtoboaji huisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari na kutoboa kadi. Utepe mmoja wenye rangi kadhaa ulitaka maelfu ya kadi na wiki nyingi za kazi kabla ya uzi mmoja kupita kitandani. Kwa mtu mwenye njaa, huo ni mtaji wa kutisha. Lakini kadi zikishatobolewa zimekwisha, na vitanda vya Coventry vilifuma tepe nyingi ubavu kwa ubavu kwa wakati mmoja. Ukiuza tepe ishirini umefilisika. Ukiuza elfu nyingi, gharama ya kadi imegawanyika mpaka haionekani. Na alichonunua kwa gharama ile ni kitu ambacho chapa haikuweza kumpa: herufi isiyofutika mpaka hariri yenyewe ioze, yenye ncha kali na mng'aro wake, ambayo ukipitisha kidole unaisikia.

Naona pia kulikuwa na sababu ya pili, ambayo wanaoandika habari za biashara huipitia haraka. Lau angechagua chapa, kazi ingekwenda kwa wapiga chapa, na wafumaji wangebaki kufuma utepe mtupu, kama hapo awali, wakishindana na Mfaransa kwa bei. Kwa kuchagua kufuma, aliibakiza kazi mikononi mwa waliokuwa wanaijua. Sisemi alikuwa walii. Alikuwa mfanya biashara na alipenda faida yake. Lakini hesabu ya faida yake na hesabu ya riziki ya jirani zake zilikutana mahali pamoja, jambo ambalo halitokei kila siku.

Hapa nitie neno la kwetu. Mwaka mmoja nilihudhuria mahafali ya madrasa fulani, na wanafunzi walivishwa mishipi ya hariri bandia yenye jina la madrasa kwa herufi za kijani. Ilikuwa Februari, jua la utosini. Kabla kasida ya pili haijamalizika, kijani kilikuwa kimehamia kwenye kanzu nyeupe, na mama mmoja karibu yangu alikuwa akimfuta mwanawe kifua kwa buibui lake. Aliyepiga chapa, ambaye simtaji, alikuwa ametumia wino wa karatasi juu ya kitambaa kilaini kisichonyonya kitu. Zipo siku hizi njia za kutosha: ya skrini, ya karatasi ya dhahabu inayobandikwa kwa chuma cha moto, ya kuhamisha rangi kwa joto kwenye nyuzi za viwandani, na hiyo ya kufuma, ambayo sasa kadi zake zimegeuka kuwa kompyuta. Kila moja ina kitambaa chake na idadi yake. Anayeagiza mishipi thelathini ya siku moja, chapa njema ya skrini yamtosha, mradi wino uwe wa nguo na ukaushwe kwa moto unavyotakiwa. Anayetaka jina la msikiti au la ukoo likae miaka hamsini, afumishe.

Na kwa kuwa nimetaja hariri, wasomaji wataniuliza hukumu yake. Walimu wetu walitufundisha kwamba hariri safi haimjuzii mwanamume kuivaa, isipokuwa kiasi cha upana wa vidole viwili, vitatu mpaka vinne, kwa hadithi iliyopokewa kwa Sayyidna Umar. Ndiyo maana taraza za wazee wetu zilikuwa nyembamba. Kwa bahati tu, tepe za Stevens za kuwekea alama nyingi hazipiti upana huo, ijapokuwa yeye hakuwa na habari hiyo. Na anayetaka kuona mahali ambapo kufuma na kutarizi vimeketi pamoja na aitazame kiswa ya Al-Kaaba. Nguo nyeusi yenyewe ina maandishi yaliyofumwa ndani yake, nyeusi juu ya nyeusi, na mkanda unaoizunguka juu umetariziwa kwa nyuzi za fedha na za kupakwa dhahabu. Karne nyingi ilitoka Misri. Sasa hufanywa Makka kwenyewe, na kitanda kinachofuma maandishi yale ni cha namna ya Jacquard.

Turejee Coventry. Tepe za Stevens zilipendwa. Baada ya zile za mwanzo zilifuata za ndoa za kifalme, za washairi, za wanasiasa, za sikukuu, na maneno ya Biblia ya kila namna. Halafu kadi za Krismasi, beji, na mishipi ya vyama. Mwaka 1875 alifungua kiwanda kipya mjini humo. Mwaka uliofuata Marekani ilipotimiza miaka mia tangu kujitawala na kufanya maonyesho huko Philadelphia, Stevens alikuwa na tepe zenye sura ya George Washington, na wahamiaji wa Coventry waliokuwa huko, nadhani, walizitambua kabla ya kusoma jina la mfumaji.

Lakini kilichomtia katika historia hasa ni maonyesho ya mji wa York ya mwaka 1879. Huko alipeleka kitanda chenyewe, kikafuma mbele ya watu. Badala ya utepe mrefu wa kuwekea alama, kilitoa picha fupi za kubandikwa kwenye kadi na kutundikwa ukutani: gari la farasi la abiria la London na York, na mbio za farasi za mwizi mashuhuri Dick Turpin, ambaye hadithi zake watu wa York wanazipenda kama tunavyopenda sisi za Abunuwasi. Mtu alitazama uzi ukipita, farasi akitokea mguu kwa mguu, kisha akanunua farasi huyo huyo kwa shilingi. Picha hizo zikaitwa Stevengraph, kwa jina lake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 alikuwa na michoro zaidi ya 900.

Naikadiria hekima yake ya kupeleka kitanda maonyeshoni kuwa sawa na ya kubuni picha zenyewe. Watu hawalipi zaidi kwa kitu kilichofumwa ikiwa hawajui kwamba kimefumwa. Asiyejua huiona herufi ya uzi na herufi ya wino kuwa ni moja, huchukua ya bei nafuu, na huwezi kumlaumu. Stevens aliwafanya waone.

Hakukosa washindani hata mjini kwake. W. H. Grant naye alifuma picha za hariri, na nduguze Cash, ambao mwaka 1857 walianza kujenga nyumba mia za wafumaji zenye karakana juu (zikakamilika 48 tu), walikuja kupata umaarufu kwa jambo jembamba zaidi: vitepe vyenye majina ya watu, vya kushonea kwenye nguo za watoto wa shule za bweni. Mfalme na mtoto wa shule, wote wawili majina yao yalikuwa yakitoka katika kadi zilizotobolewa. Sehemu kubwa ya mji, hata hivyo, iliacha hariri. Coventry ikageukia cherehani, kisha baiskeli tangu mwishoni mwa miaka ya 1860, na baadaye magari. Stevens hakuiokoa Coventry. Ingekuwa kumsingizia kusema hivyo. Aliokoa kiwanda kimoja na kazi moja.

Stevens alifia London tarehe 24 Oktoba 1888, akiwa na umri wa miaka 60, akiwaachia wanawe biashara. Waliiendesha, na tepe za kampuni ziliendelea kufumwa katika karne iliyofuata, ingawa ladha ya watu ilikuwa imeanza kuhamia kwenye picha za kamera na kadi za posta.

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zililishambulia jiji la Coventry kwa saa nyingi mfululizo. Kanisa lao kuu liliungua likabaki kuta. Kiwanda cha Stevens nacho kiliteketea, pamoja na vitanda na kumbukumbu zake. Kilichobaki cha kampuni ni kitabu cha kumbukumbu chenye vielelezo vya kazi zao, ambacho kimehifadhiwa katika makumbusho ya Herbert, hapo hapo Coventry. Na majumbani mwa watu, Uingereza na Marekani, ndani ya Biblia za mabibi waliokwisha kufa, bado zinakutwa tepe zake, kitabu kimegeuka manjano na karatasi inavunjika, herufi za hariri zinasomeka.